Theluji inchi mbili, chumvi inchi kumi: taharuki ya majira ya baridi inatengenezwa wapi?

Mpima Mvua (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kila Desemba ikiingia, ukiwasha televisheni ya Marekani au ukifungua gazeti la Uingereza utadhani kiama kimepangiwa tarehe. Mtangazaji kavaa koti linalommeza, kasimama kando ya barabara, rula mkononi. Anaichomeka kwenye theluji, anainama, anasoma kwa sauti nzito: inchi mbili na nusu. Nyuma yake mzee mmoja anapita na mbwa wake, hana haraka, hata kamera haitazami. Chini ya skrini maandishi mekundu yanakimbia: DHORUBA YA KIHISTORIA.

Nimeona tulijadili hili kwa utulivu, maana nimechoshwa na pande zote mbili, wanaopiga yowe na wanaocheka kila yowe. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma yote aanze kunibishia sasa hivi: vyombo vya habari vinatia chumvi, ndiyo, ila vinaitia mahali pasipostahili. Kelele zote zinakwenda kwenye inchi za theluji na nyuzi za baridi. Kinachozika watu mara nyingi ni kitu kingine ambacho hakipigiwi kelele hata kidogo.

Nianze na New York ya Januari 2015, maana ndiyo kimbilio la kila anayewaponda watabiri. Utabiri ulisema futi mbili, pengine tatu. Meya Bill de Blasio akasema huenda ikawa dhoruba kubwa kuliko zote katika historia ya jiji. Gavana Andrew Cuomo akafunga treni za chini ya ardhi usiku wa tarehe 26, jambo ambalo theluji haikuwahi kulisababisha tangu treni hizo zianze mwaka 1904. Cha kuchekesha ni kwamba treni zenyewe ziliendelea kutembea usiku kucha bila abiria, ili reli zisizibwe. Asubuhi Central Park ikapimwa: inchi 9.8. Mtabiri mmoja wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa (NWS), Gary Szatkowski, akaomba radhi hadharani kwenye Twitter usiku uleule.

Basi kila mtu akacheka. Lakini dhoruba hiyohiyo, usiku huohuo, iliimwagia Boston inchi 24.6 na Worcester inchi 34.5. Sehemu za Long Island, pua na mdomo na jiji la New York, zilipata zaidi ya futi mbili. Dhoruba ilikuwepo, na ilikuwa kubwa kweli. Ilichofanya ni kupita mashariki kidogo kuliko ilivyodhaniwa, na New York ikaangukia ukingoni, pale ambapo kilomita chache zinatenganisha magoti kuzama na viatu kulowa.

Na hapo ndipo theluji inapotofautiana na mvua. Kwa makadirio ya haraka, inchi moja ya maji hutoa inchi kumi za theluji. Lakini theluji nzito yenye majimaji inaweza kutoa tano tu, na ile kavu nyepesi ikatoa ishirini na kuendelea. Kosea joto la hewa kwa nyuzi moja au mbili, kiasi kilekile cha maji kinakupa theluji ya kufunga mji au mvua ya kukera tu. Mtabiri wa mvua akikosea kidogo hakuna anayejua. Mtabiri wa theluji akikosea kidogo anaitwa tapeli.

Kwa hiyo ya 2015 mimi nawasamehe. Iliyoniudhi ni ya Machi 2017. Dhoruba nyingine inaelekea pwani ya mashariki, utabiri wa New York ni futi moja na zaidi. Siku moja kabla, watabiri wa NWS wanaona modeli zao za kompyuta zinashusha makadirio, theluji itachanganyika na mvua ya barafu. Wakajadiliana. Wakaamua kutogusa namba, wakihofia kwamba wakizishusha ghafla watu wataichukulia dhoruba kirahisi. Central Park ikapata inchi 7.6. Hili walilikiri wenyewe baadaye kwa waandishi wa habari. Hoja yao ina mantiki, kwa sababu mvua ya barafu nayo ni hatari. Lakini ukishaanza kuwaficha watu unachokijua ili waogope vya kutosha, umeacha utabiri umeingia siasa.

Hao ni wataalamu, na wao ndio wenye nafuu. Sasa fuata safari ya namba ikishatoka kwao. Mtabiri anaandika: inchi 3 hadi 8, na uwezekano mdogo wa kufika 12. Kwenye bango la habari imeshakuwa HADI INCHI 12. Zile tatu zimefia njiani. Mitandaoni ndiyo usiseme: mtu anachukua ramani ya modeli moja, ya siku kumi mbele, ambayo itabadilika baada ya saa sita ikikokotolewa upya, anaipiga picha ikiwa zambarau (rangi ya theluji nyingi) nusu ya nchi, anaandika "jiandaeni". Ramani iliyofuata ikiwa haina kitu, hiyo hairushi.

Halafu kuna majina. Tangu 2012 The Weather Channel, ambacho ni kituo cha biashara, hujipangia majina ya dhoruba za theluji Marekani. NWS haiyatumii. Uingereza na Ireland mamlaka zenyewe ndizo zilizoanza kutoa majina mwaka 2015, angalau hapo kuna vigezo vya serikali. Ujerumani wamemaliza kabisa: Chuo Kikuu Huria cha Berlin kinawauzia watu binafsi majina ya migandamizo ya hewa, unalipia, dhoruba inaitwa jina la shemeji yako.

Msamiati wa kitaalamu nao umetekwa. Mzunguko wa upepo wa ncha ya kaskazini uko juu kule angani kila majira ya baridi tangu dunia iwepo, na wanasayansi wanauandika tangu zamani. Januari 2014 televisheni zikaugundua, ukawa zimwi linaloshuka kutoka Aktiki kula watu. "Kimbunga bomu" ni hivyohivyo. Mwaka 1980 watafiti Frederick Sanders na John Gyakum waliitumia lugha ya bomu kwa dhoruba ambayo mgandamizo wake wa hewa katikati unashuka kwa milibari 24 ndani ya saa 24 (kipimo hicho hubadilika kulingana na latitudo). Ni jambo la kawaida baharini wakati wa baridi. Januari 2018 likafika kwenye vichwa vya habari, na mtu wa kawaida akadhani kuna kitu kinalipuka.

Na baridi ya upepo! Tarehe 30 Januari 2019 Chicago ilikuwa karibu nyuzi 31 chini ya sifuri. Hiyo haitoshi kutisha? Haikutosha. Ikatangazwa 47, kwa hesabu ya jinsi ngozi inavyohisi upepo ukivuma. Hesabu hiyo ina kazi yake halali, inakuambia uso usiofunikwa utaganda kwa dakika ngapi. Mizizi yake ni jaribio la Paul Siple na Charles Passel huko Antaktika, walioangalia maji yanavyoganda kwenye chombo kilichoning'inizwa upeponi, na mwaka 2001 Marekani na Kanada walibadilisha fomula kwa sababu ya zamani ilikuwa inakuza mno baridi. Lakini bomba lako la maji na betri ya gari lako havijui baridi ya upepo. Upepo unavipoza haraka zaidi, basi. Haviwezi kushuka chini ya joto halisi la hewa. Mtangazaji anayesema "leo ni 47 chini ya sifuri" bila kueleza, amechagua namba kubwa kwa sababu ni kubwa.

Sasa nije kwenye vifo, ndiyo hoja yangu yenyewe.

Atlanta, 28 Januari 2014. Theluji inchi 2.6. Kaskazini kiasi hicho mtu anafagia kwa ufagio. Ilianza kudondoka mchana, na karibu wakati mmoja shule, ofisi za serikali na kampuni zikawaruhusu watu waende nyumbani. Mji mzima ukaingia barabarani kwa pamoja, matairi yakaikandamiza theluji, ikageuka barafu, malori yakakwama kiubavu, na magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu nayo yakakwama kwenye foleni hiyohiyo. Kuna watoto waliolala madarasani, wengine ndani ya mabasi ya shule. Mtoto alizaliwa barabarani. Gavana Nathan Deal akasema dhoruba haikutarajiwa, watabiri wakamjia juu kwa sababu onyo lilitoka alfajiri, kabla ya saa kumi.

Sasa niambieni, ungeonyesha inchi ngapi kwenye skrini kuepusha lile? Inchi hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa saa saba mchana.

Texas, Februari 2021. Kaunti zote 254 zilikuwa chini ya onyo la dhoruba ya majira ya baridi. Utabiri haukukosea. Umeme ukakatika kwa zaidi ya nyumba na biashara milioni nne, gridi, yaani mtandao wa umeme wa jimbo, ikabakiza dakika 4 na sekunde 37 ianguke kabisa, na hesabu ya jimbo ikaishia vifo 246. Wengi baridi iliwakuta ndani ya nyumba zao, wengine walikufa kwa hewa ya sumu ya jenereta na majiko ya mkaa waliyoyaingiza ndani ili wapate joto. Na miaka kumi kabla, Februari 2011, Texas ilikatikiwa umeme kwa baridi, na mamlaka za shirikisho zikatoa ripoti zikisema mitambo ya gesi na umeme ikingwe dhidi ya baridi. Ripoti ile haikupata maandishi mekundu yanayokimbia. Ilikuwa Agosti, nani angeitazama.

Karibuni.

Rafu ya Maziwa

Mtoa mada umenigusa, mimi nafanya kazi kwenye duka kubwa la vyakula na hiyo sinema naiona kila mwaka. Neno "dhoruba" likitajwa asubuhi, mchana mkate hakuna, maziwa hakuna, mayai hakuna. Watu wanasukuma matoroli mawili mawili. Mama mmoja alikuwa anabishana na mumewe kama galoni nne zinatosha, na mvua ya theluji ilitarajiwa kuisha kesho yake adhuhuri!

Ila tazama kinachobaki. Betri za tochi zimejaa tele. Vigunduzi vya kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu ya jenereta, viko palepale kwenye msumari, vumbi juu. Chakula cha kopo cha kuliwa bila kupikwa, watu wanakipita. Yaani wananunua vitu vya kupikia na vya kuweka kwenye friji kwa ajili ya siku ambayo huenda umeme usiwepo. (Sawa, maziwa unaweza kuyaweka nje kwenye theluji, hiyo moja nawapa.)

Wazee wa kazini wanasema mazoea haya upande wa Boston yalitiwa nguvu na dhoruba ya Februari 1978, ile iliyokwamisha magari zaidi ya 3,000 kwenye barabara ya 128. Watu kweli walikaa ndani siku nyingi. Sasa wajukuu wao wanakimbilia mkate kwa inchi nne.

Shangazi wa Dublin

Usiiseme Marekani peke yake, Rafu. Ireland mwishoni mwa Februari 2018 tulipoambiwa baridi ya mashariki inakuja, nchi nzima iligombania mkate hadi ukawa utani wa taifa, watu wanapiga picha rafu tupu na kuweka mitandaoni. Na picha ndiyo iliyozidisha mambo. Mtu hakuwa na wazo la kununua mkate, akaona rafu tupu kwenye simu, akavaa viatu. Kisha Dublin kukatokea watu walioiba mtambo wa kuchimbia wakabomoa nao supamaketi usiku. Huo si woga wa theluji tena jamani, hiyo ni fursa.

Lakini nikutetee theluji yenyewe: ile ilikuwa ya kweli. Kwetu ambako haianguki hivyo, ilifunga kila kitu. Sipendi tunapowekwa kwenye kapu moja na wazushi.

Mbishi wa Kudumu

Mpima Mvua, maneno mengi. Swali langu dogo: wewe ungependa tuonywe kupita kiasi au tufe? Bora funga shule bure mara tisa, mara ya kumi ukaokoa mtoto. Nyie mnaolalamika kuhusu "taharuki" ndio mnaoongoza kulaumu siku serikali isipofunga.

Mpima Mvua

Mbishi, swali zuri, ila umelipanga kana kwamba kufunga hakuna gharama. Shule ikifungwa bure, kuna mzazi analipwa kwa saa ambaye siku hiyo halipwi, na kuna mtoto ambaye mlo wake wa uhakika ni wa shuleni. Hiyo gharama wanaoibeba si wale wenye sauti.

Na lile la mara ya kumi ndilo linalonitisha kuliko yote. Buffalo, Desemba 2022. Ofisi ya NWS ya pale ilisema siku kadhaa kabla kwamba hii ni dhoruba ya kutokea mara moja katika kizazi. Walikuwa sahihi. Lakini hayo maneno watu walikuwa wameyasikia kila mwaka kwa dhoruba za kawaida, na Buffalo ni mji unaojivunia kuijua theluji. Marufuku ya kuendesha magari ilitoka asubuhi ya tarehe 23, hali imeshaanza kuharibika, watu wengine wako kazini. Kaunti ya Erie pekee, ambamo Buffalo imo, ilihesabu vifo zaidi ya 40. Wapo waliokutwa ndani ya magari, wapo waliokutwa nje. Wapo waliokufa kwa sababu gari la wagonjwa halikuweza kufika. Ukitumia neno "kihistoria" kwa kila kitu, siku historia ikija huna neno lililobaki.

Karani Mstaafu

Ndugu zangu mnawaonea watangazaji, tazameni na wanasiasa. Mnajua kwa nini meya anafunga mji kwa theluji ya kifundo cha mguu? Anaikumbuka Chicago ya 1979. Michael Bilandic alikuwa meya, ana mashine yote ya chama nyuma yake. Januari ikashuka theluji kubwa, barabara hazikusafishwa, treni zikaanza kupita baadhi ya vituo bila kusimama. Februari kwenye kura za mchujo Jane Byrne akamwangusha. Tangu hapo hakuna meya wa mji wa baridi asiyeijua hadithi hiyo.

Upande wa pili kuna Toronto, Januari 1999. Meya Mel Lastman aliita jeshi lije kusaidia kuzoa theluji. Jeshi, na magari ya deraya! Kanada nzima imemcheka mpaka leo. Lakini angalieni matokeo: aliyeita jeshi alichekwa, na uchaguzi uliofuata mwaka 2000 akashinda kwa kishindo. Aliyezembea alipoteza kiti. Sasa wewe ndiye meya, simu ya mtabiri imeingia saa kumi alfajiri. Utafanya nini?

Rafu ya Maziwa

Naita jeshi 😂

Dereva wa Usiku

Naendesha lori, ruhusuni niongee kidogo kuhusu barabara kwa sababu wachangiaji wengi hapa mnaongea mkiwa sebuleni.

Theluji ya futi moja hainitishi sana. Naiona, kila mtu anaiona, tunapunguza mwendo au tunapaki. Kinachonitoa jasho ni ile barafu nyembamba isiyo na rangi, lami inaonekana imelowa tu. Ishara yake mimi naitafuta kwenye matairi ya gari la mbele: kama barabara inang'aa lakini matairi yake hayarushi maji, hapo hakuna maji, hiyo ni barafu. Na madaraja huganda kabla ya barabara kwa sababu hewa baridi inayapoza juu na chini. Unatoka kwenye lami salama unaingia darajani kwa mwendo uleule, basi.

Jambo la pili ni chumvi, ile halisi. Watu wanaona gari la chumvi limepita wanadhani mambo yamekwisha. Chumvi ya kawaida ikishafika nyuzi 9 chini ya sifuri na kwenda chini inazidi kuchoka, inafanya kazi polepole sana, na chini zaidi ya hapo ni kama umemwaga mchanga. Ndiyo maana usiku wa baridi kali na theluji kiduchu unaweza kuwa mbaya kuliko mchana wa theluji nyingi. Ni mara ngapi umesikia hilo kwenye taarifa ya habari? Wanakuonyesha rula.

Na wenye magari ya kuvuta matairi manne, hayo mavutano yanakusaidia kuondoka. Kusimama unategemea mpira na barabara kama sisi wengine wote. Mitaroni nawakuta wao.

Mbishi wa Kudumu

Dereva hapo nimekuelewa. Ila bado: kama baridi na theluji vimezidi hivi, lile ongezeko la joto duniani liko wapi? Wanasayansi wametulia kimya.

Mpima Mvua

Hii nilijua itakuja. Februari 2015 seneta James Inhofe aliingia na donge la theluji ndani ya Seneti ya Marekani akalirusha kama ushahidi. Donge lilithibitisha kwamba Washington ilikuwa Februari. Hali ya hewa ya wiki na tabianchi ya miongo ni vitu viwili. Hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi inabeba mvuke wa maji karibu asilimia 7 zaidi, kwa hiyo mahali ambapo bado panaganda, dhoruba moja moja inaweza kushusha theluji nyingi hata kama majira ya baridi kwa jumla yanapungua ukali. Tukiifungua hiyo uzi huu hautaisha, kila mtu ataondoka na donge lake.

Nataka nirudi kwa Dereva, maana amesema kitu ambacho Waingereza wamejaribu kukifanyia kazi. Maonyo ya Met Office, mamlaka yao ya hali ya hewa, hayafuati inchi peke yake. Wanapima vitu viwili, uwezekano wa jambo kutokea na madhara yake likitokea, kisha rangi inatoka hapo: njano, kaharabu, nyekundu. Kwa hiyo inchi mbili London saa ya watu kwenda kazini zinaweza kupewa uzito kuliko inchi sita milimani Uskoti usiku. Hiyo kwangu ndiyo akili.

Sasa magazeti ya udaku yanavyoitumia! Onyo la njano linaweza kumaanisha madhara makubwa ambayo huenda yasitokee, au madhara madogo ambayo karibu yatatokea. Gazeti linachukua madhara ya la kwanza na uhakika wa la pili, linavichanganya, linachapa. Na kila Oktoba lazima utakuta "majira ya baridi kali kuliko yote kwa miaka kadhaa yanakuja", wakati Met Office wenyewe utabiri wa msimu kwa umma waliuacha mwaka 2010, baada ya kuchekwa kwa kiangazi cha 2009 walichosema kuna uwezekano mkubwa kitakuwa cha kuchoma nyama nje. Mvua ilinyesha.

Shangazi wa Dublin

Na msisahau Februari 1991, reli ya Uingereza ilipokwama na afisa wake akaeleza kwamba wana shida na aina ya theluji ile. Magazeti yakaandika "aina mbaya ya theluji" na wakacheka miaka thelathini. Kumbe yule bwana alikuwa anasema ukweli mtupu! Ilikuwa theluji kavu laini kama vumbi, inapenya kwenye mitambo ya umeme ya treni. Mpima Mvua ametueleza mwenyewe hapo juu kwamba theluji hazifanani. Mtu alitoa maelezo sahihi, akafanywa kichekesho cha taifa. Baada ya hapo nani ataeleza kitu kwa kina kwenye kipaza sauti?

Mpima Mvua

Shangazi hilo nalichukua, sikuwa nimelitazama upande huo. Umeongeza kitu: vyombo vya habari vinaadhibu maelezo na vinalipa mayowe.

Muuguzi wa Zamu

Naomba niseme moja tu, nina zamu. Dhoruba ikipita na televisheni ikishahama, ndipo sisi tunaanza kupokea. Wanaume wa miaka hamsini na kuendelea, wameamka asubuhi, hawajafanya zoezi tangu kiangazi, wamechukua koleo kusafisha njia ya gari. Kunyanyua theluji iliyolowa kwa mikono huku unavuta hewa ya baridi ni mzigo mkubwa kwa moyo, mishipa inabana wakati moyo unadai damu zaidi. Utafiti uliofanyika Marekani kwa takwimu za 1990 hadi 2006 ulihesabu vifo 1,647 vya kazi ya koleo la theluji. Hao hawakufa kwa dhoruba kali. Jua lilikuwa limeshatoka, mtangazaji keshafunga miamvuli yake.

Mkiwa na baba mwenye presha, mchukulieni koleo. Akikataa, mwambieni asukume theluji asiinyanyue, afanye kidogo kidogo, na akisikia kifua kinabana asijikaze kiume.

Karani Mstaafu

Muuguzi asante. Nimelipeleka koleo kwa kijana wa jirani.

Mbishi wa Kudumu

Nimesoma yote, na bado sijashawishika na kitu kimoja. Mnasema televisheni itaje saa, barafu, umeme, koleo. Sawa. Nani atatazama? Rula inaeleweka na mtoto wa miaka mitano. "Ondoka kazini kabla ya saa sita au ubaki mpaka usiku" si picha. Atlanta wenyewe, dhoruba ya pili ilipokuja wiki mbili baadaye, barabara zilikuwa tupu. Hawakuelimishwa na taarifa yoyote, walikuwa wameungua mara moja. Mpima Mvua, nipe kituo kimoja kilichoacha mayowe na kikabaki na watazamaji, nami nitakunywa maji nikae chini.

Mpima Mvua

Kituo cha biashara sina wa kukupa. Ila ofisi za NWS zenyewe sasa zinachapisha kwa baadhi ya miji namba tatu badala ya moja: kiasi cha chini ambacho karibu hakika kitafikiwa, kinachotarajiwa zaidi, na cha juu kisicho na uwezekano mkubwa. Iko wazi kwenye tovuti, bure, haina mtangazaji wala muziki. Ukiona televisheni inasema 12, ifungue uone hiyo 12 imetoka safu gani. Mara nyingi imetoka ya tatu.

Mbishi wa Kudumu

Nimeifungua. Mji wa mwanangu safu ya kwanza ni sifuri, ya tatu ni tisa. Ameshanunua mkate.